Imamu wa Manowari na Waislamu wa Brazili

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeitiisha bahari kwa ajili ya waja wake, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Suala la maimamu wa majeshini huzungumzwa sana siku hizi, na mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni jambo la jana lililobuniwa na majeshi ya Ulaya na Marekani. Hutajwa kwamba kanuni za jeshi la majini la Marekani za tarehe 28 Novemba 1775 ziliamuru ibada ifanyike melini mara mbili kwa siku, na kwamba Mwislamu wa kwanza kuwa imamu katika jeshi hilo la majini, Monje Malak Abd al-Muta Noel, alipewa cheo hicho mwaka 1996. Hayo ni kweli. Lakini Waislamu walipanda bahari kwa vita karne kumi na moja kabla ya hiyo 1775, na tangu siku ya kwanza walikuwa na watu wa elimu ndani ya vyombo vyao. Tunataka katika makala haya kueleza asili ya jambo hilo kwa ufupi, kisha tukae kwa urefu juu ya mtu mmoja, imamu wa manowari ya dola ya Uthmaniyya, aliyefikishwa na dhoruba mahali asipopakusudia akalazimika kuchagua baina ya amana mbili. Uchaguzi wake una fikihi ndani yake, na hatuoni kama umepewa haki yake.

Sayyidna Umar (r.a.) hakuipenda bahari. Muawiya, aliyekuwa gavana wa Sham, alimwomba ruhusa zaidi ya mara moja avuke kwenda Kibros, na Khalifa akakataa, kwa kuwa hakuona halali kuwapandisha Waislamu juu ya mbao zinazochezewa na mawimbi ilhali yeye ndiye atakayeulizwa juu yao. Sayyidna Uthman (r.a.) aliruhusu, lakini kwa sharti: asilazimishwe mtu, wala isipigwe kura, aende anayetaka mwenyewe. Sharti hili tuliweke akilini, maana litarudi. Basi mwaka 28 Hijria, kwa kauli iliyo mashuhuri, vyombo vikavuka, na ndani yake walikuwamo Ubada bin Samit, Abu Dardaa na Abu Dharri (r.a.), na pamoja na Ubada alikuwapo mkewe, Ummu Haram bint Milhan, mama mdogo wa Anas bin Malik. Kisa chake kimepokewa katika vitabu viwili Sahihi: Bwana Mtume (s.a.w.) alilala nyumbani kwake, akaamka akicheka, akamweleza kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakiipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao vya enzi, naye akaomba aombewe awe mmoja wao. Alifika Kibros, akaanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda, akafa, na kaburi lake liko hadi leo kando ya ziwa la chumvi la Larnaca. Husimuliwa kwamba baadaye manowari za Uthmaniyya zilipopita pwani ile zilikuwa zikilitolea heshima kaburi hilo.

Masahaba hao hawakwenda kwa cheo cha uimamu. Zama zile amiri wa jeshi ndiye aliyeswalisha, na wanazuoni walikuwa askari kama wengine. Hata hivyo mgawanyo wa kazi ulikwisha kuanza nchi kavu. Tabari amepokea kwamba katika Yarmuk kadhi wa jeshi alikuwa Abu Dardaa, mtoa mawaidha Abu Sufyan bin Harb, na msomaji wa Qur'ani Miqdad, aliyekuwa akiwasomea askari Suratul Anfal. (Riwaya hii ni ya Sayf bin Umar, ambaye watu wa hadithi wamemdhoofisha, wanahistoria wameichukua kwa kuwa haihalalishi wala haiharamishi kitu.) Kadhi, mtoa mawaidha na msomaji: kazi hizi tatu zikikusanywa kwa mtu mmoja na akapandishwa melini, huyo ndiye imamu wa manowari.

Katika vita vya Dhatu Sawari, mwaka 34 Hijria, ndipo tunapoona kwamba swala ya melini inaweza kuwa na siasa ndani yake. Amiri alikuwa Abdallah bin Saad bin Abi Sarh. Usiku wa kuamkia vita Waislamu walikesha wakiswali na kusoma Qur'ani, na Warumi wakigonga kengele zao. Lakini jeshini alikuwamo Muhammad bin Abi Hudhayfa, aliyekuwa na kinyongo na Khalifa Uthman na gavana wake, na amiri aliposwalisha yeye alinyanyua takbira kwa sauti ya kuifunika ya imamu. Akakatazwa, akarudia, hata ikabidi asafiri katika chombo mbali na wenzake. Anayedhani imamu wa jeshi ana kazi nyepesi ya kutangulia mbele na kusoma Fatiha, na akizingatie kisa hiki. Watu wa chombo kimoja hawana mahali pa kukimbiliana.

Baada ya hapo yuko Asad bin al-Furat, ambaye kila anayeandika juu ya elimu na bahari humtaja. Alikuwa kadhi wa Qayrawan. Alisoma kwa Imamu Malik Madina, kwa Muhammad bin al-Hasan Iraq na kwa Ibnul Qasim Misri, na kitabu chake, al-Asadiyya, ndicho Sahnun alichokisahihisha hata ikatoka Mudawwana ya madhehebu ya Malik. Mwaka 212 Hijria (827) Amiri Ziyadatullah alimkabidhi jeshi la kwenda Sisili. Asad aliona kuitwa amiri baada ya kuitwa kadhi ni kuteremshwa daraja, akabakishiwa vyeo vyote viwili, akaondoka bandari ya Susa na watu wapatao elfu kumi. Mwaka uliofuata alifariki Sirakusa ikiwa imezingirwa. Kabla ya hapo, njaa ilipowabana na baadhi ya watu wakataka kurudi, alimchapa viboko msemaji wao. Tunamheshimu Asad kwa elimu yake, lakini kwa maoni yetu si yeye kigezo cha imamu wa jeshi. Yule aliyechapwa viboko angekwenda kumlalamikia nani, na hali kadhi wa jeshi ndiye aliyetoa amri?

Basi imamu wa manowari hufanya nini hasa? Swala ya Ijumaa haimo katika kazi yake safarini, kwani kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii Ijumaa husimamishwa katika makazi ya watu na wakazi arubaini, na baharini hakuna makazi. Kazi yake ni swala tano, na swala tano melini zina mas'ala yake. Mwenye kuweza kusimama husimama; akiogopa kuzama au akishikwa na kizunguzungu huswali kwa kukaa. Chombo kikigeuka naye hugeuka kuifuata kibla. Imamu Abu Hanifa alikuwa mwepesi zaidi hapa, akaruhusu kukaa katika chombo kinachokwenda hata bila ya udhuru, na wanafunzi wake wawili wakakhitalifiana naye. Ama kufupisha swala, baharia ambaye chombo ndiyo nyumba yake, na mke na watoto wamo humo humo, Imamu Ahmad amesema atimize, na mashafii wamesema kutimiza kwake ni bora ili kutoka katika ikhtilafu.

Mas'ala mazito ni ya maiti. Abu Talha al-Ansari (r.a.) alikuwa mzee aliposoma aya ya Suratut Tawba inayowaamuru waumini watoke wakiwa wepesi na wazito. Wanawe walimwambia kwamba amekwisha kupigana pamoja na Mtume na makhalifa wawili, sasa awaachie wao. Akakataa, akapanda chombo, akafia baharini. Hawakupata kisiwa cha kumzika ila baada ya siku saba, na katika siku zote hizo hakubadilika. Hiyo ni karama ya sahaba na haifanywi kanuni. Kanuni ni kwamba nchi kavu ikiwa karibu, maiti husubirishwa. Ikiwa mbali huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, kisha Shafii amesema afungwe baina ya mbao mbili atupwe baharini, huenda mawimbi yakamfikisha kwa watu wakamzika. Al-Muzani akaongeza kwamba hilo ni pale ambapo watu wa pwani ni Waislamu; wasipokuwa Waislamu afungiwe kizito azame. Mahanbali wamechagua kizito. Mwenye kuamua lipi lifanywe, usiku, upepo ukivuma na wenzake marehemu wakitazama, ni imamu wa chombo.

Katika dola ya Uthmaniyya kazi hii ikawa cheo rasmi. Kila kikosi cha jeshi jipya lililoundwa baada ya mwaka 1826 kilikuwa na imamu wake, na manowari vilevile zilikuwa na maimamu waliolipwa na serikali. Tunapofika hapa ndipo anapoingia mtu wetu, Abdulrahman bin Abdallah al-Baghdadi.

Mwaka 1865 manowari mbili za Uthmaniyya, Bursa na Izmir, ziling'oa nanga Istanbul kwenda Basra. Mfereji wa Suez ulikuwa bado unachimbwa, ukafunguliwa mwaka 1869. Kwa hiyo ili kutoka bandari moja ya Sultani kwenda nyingine ilibidi zitoke kwa mlango wa Jabal Tariq na kulizunguka bara zima la Afrika. Katika Atlantiki dhoruba ilizisukuma magharibi, na mwaka 1866 zikaingia Rio de Janeiro, mji mkuu wa dola ya Brazili wakati ule. Al-Baghdadi alikuwa imamu katika safari hiyo. Aliyoyaona aliyaandika kwa Kiarabu katika kitabu alichokiita Musalliyat al-Gharib, yaani kiliwazo cha mgeni.

Watu wa mji walikuja kutazama manowari, na miongoni mwao walikuwa watu weusi waliomwona mtu wa kilemba wakamtolea salamu ya Kiislamu. Hakuwaelewa. Wao walisema Kireno na lugha za kwao Afrika, yeye Kiarabu na Kituruki, na salamu peke yake aliidhania ni neno walilolidaka wamfurahishe mgeni. Walipoonekana wakiswali ndipo shaka ilipoondoka. Akatafutwa mkalimani, na mkalimani akaeleza ombi lao: abaki awafundishe dini yao.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tueleze watu hawa ni nani. Wengi wao walikuwa Wahausa na Wayoruba, waliotekwa Afrika Magharibi na kuuzwa ng'ambo, na Bahia walijulikana kwa jina la Male. Baadhi yao walipanda merikebu za watumwa wakiwa wamekwisha kuhifadhi Qur'ani. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, mwishoni mwa Ramadhani, Waislamu wa mji wa Salvador huko Bahia walisimama kwa silaha dhidi ya utumwa. Walikuwa kiasi cha mia sita. Sabini na zaidi wakauawa katika mapigano ya usiku mmoja. Wanne walihukumiwa wakapigwa risasi hadharani, wengine wakachapwa mijeledi kwa mamia, na wengi wakafukuzwa nchi kurudishwa Afrika. Katika mashtaka yale karatasi yenye maandishi ya Kiarabu ilikuwa ushahidi. Hirizi, vipande vya Qur'ani, mbao za kuandikia za watoto: vyote vilikusanywa na polisi, na sehemu ya karatasi hizo imehifadhiwa katika nyaraka za Bahia mpaka leo. Sheria ya nchi iliwaachia wasiokuwa Wakatoliki waabudu ndani ya nyumba tu, nyumba isiwe na sura ya hekalu. Daftari za kuzaliwa, za ndoa na za maziko zilikuwa mikononi mwa Kanisa, na mtumwa alibatizwa, atake asitake. Hao ndio waliomsalimu imamu juu ya manowari, miaka thelathini na moja baada ya risasi za Salvador. Ilikuwa salamu ya watu wenye kuhatarisha migongo yao.

Al-Baghdadi alibaki. Manowari zilitengeneza madhara ya dhoruba zikaendelea na safari yao bila ya imamu huyo, naye akakaa Brazili kiasi cha miaka mitatu: kwanza Rio, kisha Bahia, kisha Pernambuco, kisha Rio tena. Aliwafundisha kwa siri. Alikuta imani ipo na elimu imekatika. Udhu ulikuwa na kasoro, usomaji wa Qur'ani ulikuwa na kasoro, na watu wa Rio walikuwa wakifunga mwezi wa Shaaban badala ya Ramadhani. Msomaji asicheke. Mtu aliyeuzwa, asiye na kalenda ya Hijria, asiye na mwenzake wa kumuuliza, anayefanya kazi ya bwana wake mchana na usiku, akapotewa na mwezi mmoja kati ya kumi na miwili, huyo ameshika miezi kumi na mmoja zaidi kuliko tulivyokuwa na haki ya kumtarajia. Na hukumu yake inajulikana katika vitabu: aliyefungwa mahali asipoweza kuijua Ramadhani hujitahidi kadiri awezavyo; ikija kubainika kwamba alifunga baada yake, imetosha, na ikiwa alifunga kabla, kauli yenye nguvu ni kwamba alipe. Maulamaa wameiweka mas'ala hii chini ya mlango wa mateka.

Kiu yao ya elimu tunayo shahidi wa pili, na shahidi huyo hakuwa rafiki wa Waislamu wala wa watu weusi. Gobineau, mjumbe wa Ufaransa Rio mwaka 1869, yule yule aliyeandika juu ya kutolingana kwa makabila ya wanadamu, aliieleza serikali yake kwamba wauza vitabu wa Kifaransa mjini humo walikuwa wakiuza misahafu karibu mia moja kwa mwaka. Bei ilikuwa kubwa, na wanunuzi walikuwa watumwa na wengine waliowahi kuwa watumwa. Baadhi yao walichukua mwaka mzima kumaliza deni la msahafu mmoja.

Sasa tuje kwenye mas'ala yenyewe. Je, imamu aliyepewa kazi ya kuwaswalisha watu wa manowari ana haki ya kushuka na kuiacha ikaenda?

Upande wa ujira ni mwepesi. Kwa madhehebu yetu kumwajiri mtu kwa uimamu wa swala za faradhi hakusihi tangu mwanzo. Anachopewa imamu ni riziki kutoka Baitul Mali, si ujira. Mahanafi wa zama za mwisho, ambao ndio waliofuatwa na dola ya Uthmaniyya, waliruhusu malipo kwa uimamu na ufundishaji kwa ajili ya dharura. Kwa kauli zote mbili, anayeondoka malipo yake hukoma siku aliyoondoka, na kama amepokea ya mbele ayarudishe. Idhini ya mkuu wa manowari nayo humwondolea dhima mbele ya serikali. Lakini idhini haimalizi jambo, kwa sababu amana ya imamu haiko kwa mkuu wa manowari peke yake. Iko pia kwa baharia atakayekufa baada ya wiki tatu katikati ya bahari, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Wapo watakaosema kwamba hapa pana faradhi ya kutosheleza kwa pande zote mbili, na kwamba aliyekwisha kushika moja haiachi kwa ajili ya nyingine. Ni hoja nzuri na ina watu wake. Sisi tunaona vingine. Faradhi ya kutosheleza hugeuka kuwa ya mtu mmoja mmoja pale isipopatikana mwengine wa kuitekeleza. Hivi ndivyo walivyosema maulamaa katika ukadhi, katika kufundisha na katika kumwosha maiti. Mabaharia wa Bursa na Izmir walikulia katika nchi za adhana, na hapana shaka kwamba ndani ya manowari mbili hakukosekana wa kuswalisha na wa kuosha maiti. Rio hapakuwa na wa pili. Kwa hiyo wajibu ulimwangukia Al-Baghdadi kwa jina lake, na tunamwona alipatia.

Linalotutatiza sisi ni jengine, nalo halikutajwa sana. Hatari ya kukamatwa haikuwa sawa kwa mwalimu na kwa wanafunzi. Al-Baghdadi alikuwa raia wa Sultani; angekamatwa, angerudishwa kwao. Mtumwa aliyekutwa naye, ana karatasi mkononi, alikuwa na mgongo wa kuchapwa na watoto wa kuuzwa mbali. Je, mwalimu ana haki ya kuanzisha darasa ambalo gharama yake italipwa na wengine? Hapa ndipo sharti la Sayyidna Uthman linapotufaa: asilazimishwe mtu, aende anayetaka. Si yeye aliyewaita. Wao ndio waliopanda manowari, wakatoa salamu, wakaomba, na walizijua risasi za Salvador kuliko alivyozijua yeye. Kama angejitolea mwenyewe bila ya kuombwa tungekuwa na neno la kusema.

Msomaji atafanya vizuri kumlinganisha na mwanachuoni mwengine wa Uthmaniyya wa miaka hiyo hiyo, Abu Bakr Effendi, aliyefika Cape Town mwaka 1863. Yeye alikwenda kwa mlango wa mbele: Waislamu wa kule waliomba mwalimu kupitia serikali ya Kiingereza, na Sultani akamtuma. Aliandika Bayan al-Din, kitabu cha fikihi kwa Kiafrikana kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877, na fadhila zake ni nyingi. Lakini aliwafundisha mashafii kwa kitabu cha Abu Hanifa, hata akawaharamishia kambakoche, ambaye kwao ni chakula cha kila siku na kwa Imamu Shafii ni halali bila ya shaka. Fitina iliyotokea ilidumu miaka. Wavuvi wetu wa mwambao wataelewa upesi kuliko watu wa bara jinsi mwalimu anavyoweza kupoteza mji kwa ajili ya kambakoche. Al-Baghdadi naye alikuwa mgeni kati ya watu wa madhehebu mengine, kwani Waislamu wa Afrika Magharibi ni mamaliki. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na dola nyuma yake pale alipo. Alivua mavazi ya kilemba, akavaa kama wenyeji, na darasa lake lilidumu kadiri wanafunzi walivyotaka lidumu.

Na hili la kutokuwa na dola nyuma yake ndilo mataifa ya leo yanajaribu kuliandika katika mikataba. Mkataba wa pili wa Geneva wa mwaka 1949, unaohusu vita vya baharini, unasema katika kifungu cha 37 kwamba watumishi wa dini waliotekwa pamoja na meli waheshimiwe, waendelee na kazi yao kadiri inavyohitajika, kisha warudishwe kwao mapema iwezekanavyo. Hawahesabiwi askari. Fikihi yetu iliijua asili ya hukumu hii tangu wasia wa Sayyidna Abubakar (r.a.) kwa Yazid bin Abi Sufyan, alipomkataza kuwagusa watawa waliojifungia katika nyumba zao za ibada, lakini iliijua kwa ajili ya watu wa dini wa upande wa pili. Kwa upande wetu tulimwachia Asad bin al-Furat awe kadhi na amiri kwa pamoja.

Al-Baghdadi aliondoka Brazili akarudi kwa njia ya Lisbon. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kituruki na Mehmed Sherif mwaka 1871, kisha kikalala. Nakala ya mkono ya Kiarabu ilihifadhiwa Berlin, na mwaka 2007 Paulo Daniel Farah alikitoa kwa Kireno, kikasomwa kwa mara ya kwanza katika nchi iliyotajwa ndani yake. Utumwa Brazili ulikomeshwa tarehe 13 Mei 1888, na hakufika huko mwalimu mwengine wa kuishika kazi yake. Watoto wa watoto wa Male waliingia katika dini nyingine mmoja mmoja. Daktari Nina Rodrigues, aliyekuwa akiwachunguza Waafrika wa Bahia mpaka alipofariki mwaka 1906, aliwakuta bado wazee wachache wanaoswali majumbani mwao, na mkubwa wao walikuwa wakimwita kwa neno lililotokana na al-imamu.